Uchunguzi wa Awali na Haki ya Kuuliza

Katika vyuo vyetu vya itikadi, na katika kozi za taaluma za jamii kwa jumla, wanafunzi hufundishwa kwamba utafiti uko wa aina tatu. Upo uchunguzi wa awali, ambao kazi yake ni kulifahamu jambo lisilojulikana vizuri na kuliundia swali. Upo utafiti wa kueleza hali, ambao hupima na kuhesabu. Na upo utafiti wa kutafuta chanzo, ambao huijaribu nadharia tete ili kuonyesha kama jambo hili ndilo linalosababisha lile. Mgawanyo huu umo katika vitabu vingi vya mbinu za utafiti, na miongoni mwa waliousambaza sana ni Claire Selltiz na wenzake katika kitabu chao cha mwaka 1959.

Hatuna ugomvi na mgawanyo wenyewe. Tunachokipinga ni namna unavyosomwa na kutumiwa. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba aina ya kwanza ni ngazi ya chini, kazi ya siku mbili ya kusalimiana na viongozi wa kijiji kabla utafiti wenyewe haujaanza. Kada naye hupokea dodoso lililokwisha chapwa, akalipeleka wilayani, akalirudisha limejaa alama, na hesabu zake zikawa msingi wa maamuzi. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeandika maswali yale, na aliyajuaje.

Makala haya yanahakiki tabia hiyo. Hoja yetu ni moja: uchunguzi wa awali ndio hatua ambapo wananchi wanapewa nafasi ya kulisahihisha swali letu. Anayeiruka haokoi muda wala fedha. Gharama anayodhani ameiokoa hulipwa baadaye na wananchi wenyewe, kwa ng'ombe wao, kwa mashamba yao na kwa nyumba zao.

Mfano wetu ni nchi ya Usukuma, na mahali tutakapomtuma kada wetu ni Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi. Mkoa wake wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na sehemu yake kubwa ilitokana na mkoa wa zamani wa Shinyanga. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu historia yake tangu miaka ya 1940 ni darasa kamili juu ya swali sahihi na swali potofu.

MASWALI MANNE NA MITEGO YAKE

Tuseme kada anatumwa Lagangabilili kuchunguza hali ya wakulima wa pamba na wafugaji. Dodoso lake lina maswali manne ya kawaida. Una ng'ombe wangapi? Una ekari ngapi? Mkuu wa kaya ni nani? Una eneo la msitu kiasi gani? Kwa mtu wa ofisini maswali haya ni safi kabisa. Tuyatazame moja moja.

La kwanza ni ng'ombe. Katika zizi moja wamo ng'ombe wa mwenye zizi, wamo aliokabidhiwa na ndugu au rafiki awatunze, na wamo waliokwisha tengwa kwa ajili ya mahari. Na wapo ng'ombe wake wengine ambao wamelala katika zizi la mtu mwingine. Nani wahesabiwe? Zaidi ya hayo, katika nchi hiyo kuhesabu ng'ombe hakujawahi kuwa jambo la elimu tupu. Kuhesabiwa kuliwahi kufuatwa na amri ya kupunguza mifugo, na wazee hawakusahau. Jibu linalotolewa chini ya kumbukumbu ya namna hiyo ni kinga, wala si takwimu.

La pili ni ekari. Mkulima wa Usukuma haoni ardhi moja. Ana majina ya udongo kutoka mwinuko hadi bondeni: luseni ni mchanga unaolimika upesi baada ya mvua za kwanza, itogolo ni ya namna nyingine, mbuga ni udongo mweusi mzito unaoshika maji na kuukubali mpunga. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, alieleza katika miaka ya 1930 kwamba aina za udongo hufuatana kwa utaratibu kutoka juu ya kilima hadi bondeni, kama pete za mnyororo, na wazo hilo likaenea duniani. Lilitokana na kazi ya kusafiri, kutazama na kutambua udongo wa Afrika Mashariki. Mwenye ekari tano za luseni na mwenye ekari tano za mbuga wakiandikwa katika safu moja ya dodoso, tumefuta tofauti ambayo mkulima huipangia mwaka wake mzima.

La tatu ni mkuu wa kaya. Mji mmoja unaweza kuwa na wake zaidi ya mmoja, kila mmoja na nyumba yake na sehemu yake ya shamba, pamoja na vijana waliooa lakini hawajahama. Tukimwuliza mzee peke yake tunapata jibu moja la watu wengi. Nani alilima, nani alipalilia, nani alipokea fedha za pamba: hayo hayamo katika jibu lake.

La nne ni msitu. Hapa mkulima atajibu kwa ukweli kabisa kwamba hana. Kada ataandika sifuri. Huenda nyuma ya nyumba ile kuna ngitili, ambayo tutaieleza hapa chini. Lakini neno ngitili halimo katika dodoso, kwa sababu aliyeliandika hakuwahi kulisikia.

Hakuna hata moja kati ya mitego hii inayoondolewa kwa kuongeza idadi ya wanaohojiwa. Swali potofu likiulizwa kwa watu elfu moja huleta majibu potofu elfu moja, na wingi wake huyapa heshima yasiyostahili.

UJUZI MWINGI, SWALI MOJA

Huenda mtu akasema kwamba dawa ni kupata wataalamu wanaoijua nchi. Historia inatuonyesha kwamba ujuzi peke yake hautoshi.

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Haikuwa kazi ya watu wasioijua nchi. Udongo, nyasi na mazao yalikuwa yamechunguzwa, na kituo cha Ukiriguru kilikuwa kikifanya majaribio ya pamba. Hans Cory, mtaalamu wa jamii aliyeajiriwa na serikali, aliandika juu ya utemi mwaka 1951, na juu ya sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953. Alikusanya mengi ambayo hata leo mwanafunzi hawezi kuyapuuza.

Lakini swali lilikuwa limekwisha fungwa kabla mtaalamu hajafika: watu na ng'ombe ni wengi mno kwa ardhi iliyopo, watapunguzwaje, na watahamishiwaje Geita na kwingineko? Kila kilichogunduliwa kiliingizwa katika swali hilo. Haikuulizwa kwa uzito mkulima mwenyewe analionaje tatizo lake. Yakaja masharti ya kulima matuta, masharti ya mifugo, na faini kwa wasiotii. Wananchi wakapinga. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1958 TANU ilizuiwa kufanya kazi katika Usukuma, na mwaka 1958 Geita ikawaka moto wa maandamano. Katikati ya miaka ya 1950 masharti mengi ya mpango yalikuwa yamekwisha shindikana kutekelezwa.

Katika nchi hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo, wakulima walikuwa wakifanya uchunguzi wao. Waliona kwamba uzito wa pamba kwa mnunuzi haulingani na jasho lao. Hawakuwa na dodoso. Walianza kwa kuipima pamba yao wenyewe, kwa mizani na wapimaji wao, kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi. Kutokana na tofauti ya mizani mbili swali likabadilika. Halikuwa tena kwa nini pamba yetu ni kidogo. Lilikuwa nani anamiliki mizani. Vikajengwa vyama vya wakulima, na mwaka 1955 kikaundwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, ambacho Paul Bomani alikiongoza. Huo ndio uchunguzi wa awali kwa maana yake kamili: ulianza na manung'uniko, ukatafuta njia rahisi ya kuyatazama, ukatoka na swali jipya lenye nguvu kuliko lile la kwanza.

Tofauti kati ya Malya na mizani ya wakulima haikuwa katika wingi wa elimu. Upande mmoja swali halikuruhusiwa kubadilika. Upande wa pili liliruhusiwa.

OPERESHENI NA NGITILI

Uhakiki usioishia kwa wakoloni ndio wenye faida. Kijitabu cha Tujisahihishe cha mwaka 1962 kilitufundisha kwamba Chama kisichoweza kutazama makosa yake hakiwezi kuongoza. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 nao ulisisitiza kwamba wananchi washirikishwe katika mipango ya maendeleo yao.

Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1974 Operesheni ikashika kasi mkoani Shinyanga. Shabaha ilikuwa njema: shule, maji na zahanati haviwezi kumfikia kila mtu aliyetawanyika porini. Lakini katika sehemu nyingi uchunguzi wa mahali pa kuhamia ulikuwa wa haraka mno, na mara nyingine haukufanyika. Nyumba zilipangwa kwa mstari wa barabara. Umbali kutoka nyumbani hadi shambani, na mahali ng'ombe watakapolisha mwezi wa Septemba, ni mambo ambayo mkulima yeyote angeyasema siku ya kwanza kama angeulizwa. Mwaka 1977, katika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alieleza waziwazi mafanikio na mapungufu ya utekelezaji wetu.

Miongoni mwa vitu vilivyoumia ni ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vikue, kisha hufunguliwa katikati ya kiangazi kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe dhaifu. Ziko za familia na ziko za jumuiya. Watu walipohamishwa, nyingi zilibaki mbali na wenyewe, ulinzi ukalegea, miti ikakatwa. Tayari nchi ilikuwa imevuliwa miti kwa miongo mingi: wakoloni walifyeka mapori mapana ili kumwondoa mbung'o, na mashamba ya pamba yakapanuka. Mwaka 1984 Mwalimu alipotembelea Shinyanga alisikitishwa na ukame wa nchi ile.

Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni mkazo mkubwa uliwekwa kwenye vitalu na miche, mingine ya miti ya kigeni. Swali lilikuwa: tutawafanyaje wananchi wapande miti? Watumishi wa mradi walipokaa na wanakijiji na kuzungumza nao kwa muda, swali likageuka: ni nini ambacho wananchi wamekwisha kukijua juu ya kuirudisha miti, na nini kiliwazuia? Jibu likawa ngitili. Miti mingi ya asili haikuhitaji kupandwa. Mashina na mizizi ilikuwa hai ardhini, ikingoja eneo lifungwe. Na wa kulifunga walikuwapo: mkutano wa jadi wa dagashida, pamoja na sungusungu, ambao wenyewe waliibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 bila kupangwa na ofisi yoyote.

Mradi ulipoanza, ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa za hekta zipatazo 600 tu. Ulipokwisha mwaka 2004, makadirio yalizidi hekta 300,000 katika mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ulijumuisha Bariadi. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria faida ya maeneo hayo kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, kiasi kilichozidi wastani wa matumizi ya mtu wa vijijini.

Wasomaji wa takwimu wazitazame tarakimu hizi kwa makini. Nani angeweza kuzipima kama neno ngitili lisingeingia kwanza katika daftari? Kupima kulikuja baada ya kutambua. Dodoso la msitu lingeandika sifuri.

KOSA LA PILI

Hata hivyo tusiruke kutoka shimo moja tukaangukia jingine. Liko kundi la watafiti, nao wanaongezeka, wanaopenda uchunguzi wa awali kwa sababu hauwadai hesabu. Huzungumza na watu kumi na wawili, huokota maneno matamu, kisha huandika kwamba wananchi wanasema hivi au vile. Hiyo ni kuiba sauti ya umma.

Uchunguzi wa awali hauna uwezo wa kuthibitisha. Unaweza kutuambia kwamba jambo lipo. Hauwezi kutuambia ni la watu wangapi. Ngitili zenyewe ni ushahidi. Habari njema ya hekta nyingi iliweza kusomwa kana kwamba kila kaya ilineemeka sawasawa. Upimaji wa baadaye ulionyesha kwamba wenye ardhi na mifugo mingi walipata zaidi, kwani ndio wenye uwezo wa kufunga eneo kubwa. Asiye na ardhi alibaki akitegemea ngitili za jumuiya au kununua malisho. Swali la kitabaka lilionekana pale tu utambuzi ulipofuatwa na kipimo. Kada anayeishia kwenye utambuzi hukosa tabaka. Kada anayeanza na kipimo hukosa ngitili.

NDUGU WA NCHI NYINGINE

Tatizo hili si la kwetu pekee. Mwaka 1880 Karl Marx alitunga dodoso refu la maswali yapatayo 100 kwa wafanyakazi wa Ufaransa. Majibu yaliyorudi yalikuwa machache sana, ingawa aliyeuliza alikuwa bingwa wa nadharia. Mwaka 1930 Mao Zedong alikaa Xunwu akifanya mikutano midogo na watu wanaoujua mji ule, akiandika maduka, bidhaa, kodi na madeni, kwa sababu alikiri kwamba hakuijua biashara ya miji midogo. Hapa nyumbani, mradi wa Jipemoyo, ulioendeshwa magharibi mwa Bagamoyo kati ya 1975 na 1979 na Watanzania na Wafini, akiwamo Marja-Liisa Swantz, uliwachukua wanavijiji kama watafiti wenza. Paulo Freire naye alipokuja Dar es Salaam mwaka 1971 alizungumzia jambo hilo hilo: anayechunguzwa ana haki ya kushiriki kuunda swali.

WAJIBU WA KADA LAGANGABILILI

Kada wetu afanye nini basi? Tunapendekeza mambo sita.

Kwanza, asome kumbukumbu zilizopo: rejesta za kijiji, mihtasari ya mikutano, hesabu za chama cha msingi. Asome akijua kwamba kumbukumbu zimeandikwa na mtu mwenye nia yake.

Pili, awatafute wanaojua kwa kazi yao, siyo kwa cheo chao pekee: mchungaji wa ng'ombe, mpima pamba, mama anayetafuta kuni, kijana aliyerudi kutoka mjini. Azungumze nao katika lugha wanayoiwazia. Kama hajui Kisukuma, awe na mkalimani, na aandike maneno ya Kisukuma kama yalivyotamkwa kabla ya kuyatafsiri.

Tatu, asiikimbie hali ya pekee. Kaya iliyoacha pamba wakati majirani wanalima, au iliyofunga ngitili wakati wengine wameuza, hufundisha mengi kuliko kaya ya wastani.

Nne, atembee kwa miguu kutoka mwinuko hadi mbugani, aache gari barabarani. Robert Chambers alionya mwaka 1983 kwamba wageni wa vijijini huona yaliyo kando ya lami, husikiliza wenye nafasi, na hufika kiangazi njia zikiwa kavu. Ngitili ya Februari na ngitili ya Agosti ni vitu viwili kwa macho ya mgeni.

Tano, kila jioni aandike katika safu tatu: nimeona nini, nimeambiwa nini na nani, nami nadhani nini. Anayechanganya safu hizi amekwisha poteza uchunguzi wake.

Sita, arudi kwa wananchi na alichokiandika, wakikosoe mbele yake.

Liko jambo la saba ambalo halina fomula. Kada ni mtu wa Chama, na wananchi wanajua. Mbele ya sare na barua yenye muhuri huweza kuzuka nidhamu ya woga: mtu akajibu lile analodhani wakubwa wanataka kusikia. Kwa hiyo asianze kwa kuuliza maoni juu ya Chama au Serikali. Aanze na kazi: jana ulifanya nini, ng'ombe walikunywa wapi, pamba ilipimwa lini. Kazi haina haja ya kusifiwa.

KIPIMO CHETU

Kuna watakaosema muda hautoshi na wakubwa wanataka takwimu. Tunawajibu kwamba mpango wa Malya ulikuwa na takwimu, na Operesheni ilikuwa na haraka. Siku kumi za kutambua ni kidogo mno zikilinganishwa na miaka iliyotumika kurudisha miti.

Wengine watauliza: tutajuaje kwamba uchunguzi wa awali umefanyika kweli, na haukuwa matembezi? Tunatoa kipimo kimoja ambacho mkufunzi yeyote anaweza kukitumia. Kada atakaporudi kutoka Lagangabilili, asiulizwe kwanza amepata majibu mangapi. Aulizwe ni maswali mangapi kati ya yale aliyokwenda nayo ameyafuta, ni nani aliyemfanya ayafute, na ni yapi mapya yameingia mahali pake. Kama dodoso limerudi kama lilivyokwenda, hakuna uchunguzi uliofanyika, na fedha za safari zimeliwa bure. Kama maswali matatu yamefutwa na mchungaji wa ng'ombe, tumeanza kazi. Hapo ndipo tuhesabu.